Majirani Wana Masikio

"Mama, mbona unamkimbia mwanao? Anauma?"

Foleni nzima ikacheka. Nesi hakuwa anatania, lakini watu waliokaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi wanacheka chochote kile. Mtoto alikuwa ananing'inia kwenye mizani ndani ya kile kikaptula cha turubai, kama kipande cha nyama buchani, analia mpaka mishipa ya shingo imesimama. Na mama yake alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, mgongo ukutani, taya zimebana, macho kwenye bango la chanjo kana kwamba kesho lina mtihani.

Jina lake lipo kwenye kadi, ila mtaani kote wanamwita Fundi, kwa sababu anashona. Mumewe ni kinyozi na anaitwa Kinyozi, watu hawakujisumbua sana. Mtoto ni wa kike, ana miezi mitano, na baba yake anamwita Bosi. Anasema tangu amezaliwa hajawahi kuomba kitu, anaamrisha tu.

"Kilo tano na kidogo," nesi akasoma kwa sauti ya mnadani. "Mwezi uliopita, kilo tano na kidogo. Wa kabla yake, kilo tano. Haya, njoo uone mwenyewe." Akamwekea kadi puani. "Mstari wa watoto wa wenzio unapanda. Wa kwako umelala, na unakoroma. Unanyonyesha?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Akitaka."

"Na wewe unataka?"

Nesi akamtoa mtoto kwenye mizani, akaligeuza gauni dogo lililokuwa mezani, akaona ndani. Lilikuwa na bitana, kitambaa cha pili cha ndani. Bitana, jamani! Mtoto wa miezi mitano, gauni la kwendea kliniki, limewekwa bitana na vifungo vitano vidogo vilivyoshonwa kwa mkono.

"Nguo kali," nesi akasema. "Lakini mama, mtoto hashibi mshono."

Benchi likacheka tena.

"Alhamisi ya wiki ya pili kutoka leo unarudi. Mstari usipopanda naandika barua ustawi wa jamii, waje nyumbani waone. Wakiona hapafai, wanamchukua. Sikutishi, nakuambia utaratibu." Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya upole kabisa, na hapo ndipo palipouma zaidi. "Kwani huna mama wewe? Mwite mama yako akufundishe. Haya mambo mtu anajifunza kwa mamake."

Fundi akafunga vifungo vyote vitano, kimoja kimoja. Akamnyanyua mtoto kama anavyonyanyua kitambaa cha mteja: kwa ncha za vidole, mbali na kifua, usije ukakichafua ukaambiwa ulipe.

*

Wanaishi chumba kimoja kwenye ua wa vyumba sita. Cherehani iko dirishani, kitanda nyuma ya pazia, beseni la mtoto chini ya meza ya kukatia. Ukisema vibaya kuhusu Fundi, basi usiseme ni mchafu. Nepi za Bosi zilikuwa nyeupe kuliko mashati ya mawakili. Zilipigwa pasi mbele na nyuma, zikakunjwa pembe kwa pembe. Jirani wa chumba cha pili, mama mmoja anayeitwa Redio kwa sababu habari zinaanzia kwake, aliwahi kusema, "Mtoto wa Fundi ni keki ya harusi. Kila mtu anaitazama, hakuna anayeigusa."

Alisema kwa utani. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Maana mtoto akilia, Fundi hakusikia kilio cha mtoto. Kwanza mdomo ulijaa ladha ya kitambaa, sabuni ya mche na chumvi ya jasho. Halafu taya zinajifunga zenyewe. Halafu mikono inapoa, na anaiogopa hiyo mikono, hajui itafanya nini. Basi anamlaza mtoto kitandani, katikati kabisa asidondoke, anakwenda kwenye cherehani na kukanyaga pedeli. Anakanyaga, anakanyaga, mpaka mlio wa mashine umemeza mlio wa mtoto. Siku nyingine hakuwa hata ametunga uzi. Sindano inatoboa tu kitambaa, matundu yamepangana vizuri, hakuna mshono.

Akimnyonyesha anaangalia pembeni, ameweka taulo kati ya mtoto na mkono wake. Mtoto akiachia mara moja, Fundi anafunga blauzi haraka kama mtu aliyeponea chupuchupu. Mpaka hapo unashangaa kwa nini mstari umelala?

Kinyozi hakuyajua haya. Alijua mke wake ni mpole. Kwenye kibanda chake cha kunyolea alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kwa kila mteja mwenye mke mjamzito: "Wa kwangu alijifungua kimya! Wenzake wanapiga kelele wodi inatikisika, yeye kauma shuka, kwisha. Manesi walikuja kuchungulia kama yuko hai. Nilipewa pongezi mimi, kana kwamba ndimi niliyezaa."

Jioni ile alirudi mapema, amejaa furaha mpaka anashindwa kuvua viatu.

"Nimekuletea zawadi. Kisia."

"Sijui."

"Nimempigia mama."

Pedeli ikasimama. "Mama yako?"

"Mama yangu ni marehemu, mke wangu, hiyo simu ingekuwa ghali. Mama yako! Nimemweleza habari za nesi, alilia kwenye simu. Anasema miaka yote anasubiri tumwite aje aone mjukuu. Keshokutwa yupo hapa."

"Usimwite."

"Nimeshamwita."

"Mwambie asije."

Kinyozi akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja. "Kwa nini? Niambie kwa nini, sasa hivi nampigia."

Fundi akafungua mdomo. Mtu angedhani anatafuta neno. Hakuwa anatafuta, neno lilikuwepo, limekaa pale pale miaka ishirini na mbili, ila juu yake kulikuwa na kitambaa.

"Basi tu," akasema.

"Basi tu siyo sababu. Wakija wale watu wa ustawi, utawaambia 'basi tu'?" Akamshika bega. "Mzazi ni mzazi. Kama mlikosana, mtoto atawapatanisha."

*

Bibi akaja. Na jamani, Bibi yule alipendeka! Mnene wa wastani, anacheka mpaka mabega yanacheka, amebeba begi moja la nguo na moja la zawadi. Mpaka saa nane mchana alikuwa anajua majina ya watoto wote wa ua. Mpaka saa kumi Redio alikuwa amemletea kigoda.

"Huyu ndiye mama wa Fundi? Mbona Fundi hakutuambia ana mama mzuri hivi?"

"Mwanangu huyu ni wa siri," Bibi akasema, akamvuta Fundi kiunoni mbele za watu. "Tangu mdogo. Hujui anaumwa, hujui ana njaa. Mtoto niliyemlea kwa adabu, hata majirani walikuwa wananiuliza, dada, kwako kuna mtoto kweli? Hatusikii kitu!"

Watu wakasema hee, siku hizi watoto hao hawapo. Fundi alikuwa anaangalia ule mkono kiunoni mwake.

Ndani, pazia la mlangoni lilipoanguka nyuma yao, mabega ya Bibi yakaacha kucheka. "Bado una uso ule ule," akasema. "Kama umemeza limau. Nipe mtoto."

Ukweli lazima usemwe hata kama hauna ladha: Bibi alikuwa na mikono ya kazi. Alimpakata Bosi kama mtu anayejua. Alimtengenezea maziwa ya chupa, alimcheua, alimwogesha huku anamwimbia. Siku ya tano Kinyozi alimchukua mtoto mpaka dukani, akamkalisha kwenye mizani ya sukari. Mwenye duka akalalamika kwamba hauzi binadamu. Kinyozi alirudi mbio uani, anapiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Zimeongezeka gramu mia mbili na hamsini! Mstari unapanda! Mama, mikono yako ibarikiwe!"

Bibi akaangalia chini kwa unyenyekevu. "Ni mapenzi tu, mwanangu. Mtoto anataka kupendwa."

Ua mzima ukamgeukia Fundi kidogo, halafu ukaangalia kwingine haraka. Bora wangecheka, kama kule kliniki.

Na jambo jingine ambalo Kinyozi alilisifu zaidi: Bosi alikuwa ameacha kulia. Mchana kutwa kimya. "Amepata mwenyewe," alikuwa akisema. Fundi alikuwa akishona huku akiusikiliza ule ukimya. Kuna ukimya wa mtoto aliyeshiba na kuna ukimya mwingine. Mtu aliyekulia kwenye huo mwingine anautambua kama fundi anavyotambua kitambaa, kwa kukipitisha tu katikati ya vidole.

Lakini Alhamisi ilikuwa bado siku nne. Mstari ulikuwa unapanda. Bibi akiondoka, nani ataupandisha?

Akaendelea kushona.

*

Jumatatu mchana alitoka kwenda kupeleka sare za kwaya. Mteja akamkuta kwenye kona ya barabara, kwa hiyo akarudi mapema kuliko alivyosema. Mlango ulikuwa umerudishwa. Aliusukuma kwa bega bila kutoa sauti, hiyo ndiyo tabia yake.

Pazia la kitanda lilikuwa wazi, na Bibi alikuwa ameketi kitandani, ameupa mlango ubavu. Bosi yuko mapajani, miguu inapiga hewani. Miguu tu. Sauti hakuna. Ncha ya shuka ilikuwa imesokotwa, imejazwa mdomoni mwa mtoto, na kidole gumba cha Bibi kimeishikilia pale. Mashavu yamejaa, machozi yanatiririka mpaka masikioni.

"Uma," Bibi alikuwa anasema. Taratibu, kwa sauti nzuri, karibu ya wimbo. "Uma, mama. Uma. Majirani wana masikio."

Hakukuwa na fimbo. Hakukuwa na waya wa pasi, wala mlango uliofungwa kwa komeo. Hayo yalikuwa ya mtoto mwingine, wa miaka ya nyuma. Kwa huyu, bado ilikuwa kitambaa tu. Hivyo ndivyo ilivyoanza kwa yule mwingine pia, kitambaa kwanza.

Fundi hajui alivukaje chumba. Alijikuta amelivuta shuka, refu, lililolowa, linatoka mdomoni mwa mtoto kama uzi usiokwisha. Bosi akavuta pumzi, chumba kizima kikasubiri, halafu akalia. Weee! Mashine zote duniani zisingemeza kilio kile.

"Umerudi," Bibi akasema. Hakushtuka hata kidogo. "Mlete hapa, anadeka."

"Usimguse."

"Nimekwambia mlete hapa."

"Toka kwangu."

Bibi akasimama, akanyoosha nguo yake. "Kwako? Nani alikushikisha sindano wewe? Mtoto wako nimemkuta mifupa, leo ana mashavu, unanitoa? Nilikulea hivi hivi na hukufa."

"Nani aliyekuambia sikufa?"

Hapo mlangoni palikuwa pameshajaa. Redio mbele, unga wa ugali bado mikononi, na nyuma yake wenzake. Mmoja alikwenda kumwita Kinyozi. Alifika na mashine ya kunyolea mkononi, shati limejaa nywele za mteja aliyemwacha nusu kichwa.

"Kuna nini? Mtoto kaanguka?"

Bibi akageuka, na ungeapa ni mwanamke mwingine. Machozi tayari yalikuwa kwenye mashavu. "Mwanangu, mkeo ananifukuza. Mimi. Nimempa mtoto kitambaa anyonye, meno yanamwasha, ndiyo kosa langu."

"Alimziba mdomo," Fundi akasema.

"Mke wangu..."

"Kama alivyoniziba mimi. Niangalie." Akafungua mdomo, akatoa ulimi, mbele ya mumewe, mbele ya ua mzima, kama mgonjwa kwa daktari. Katikati ya ulimi kulikuwa na kovu, limekata kutoka ukingo hadi ukingo. "Ulipouliza nilikwambia nilianguka ngazi. Sikuanguka. Nilikuwa na miaka tisa, kitambaa kilitoka, na fimbo ilikuwa haijaisha. Ilibidi niume kitu."

Bosi alikuwa ameacha kulia kidogo, anavuta pumzi.

Kinyozi aliliangalia lile kovu. Aliangalia mkwe wake. Lo, ungeona uso wake, ungemhurumia! Mtu aliyejenga hadithi yake nzuri juu ya shuka lililoumwa, leo anaonyeshwa limetoka wapi. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la maana katika maisha yake yote ya maneno mengi.

"Lakini," akasema, "wazazi wa zamani si ndivyo walivyokuwa?"

"Sisi sote tulipigwa," Redio akadakia, kwa sauti isiyokuwa ya redio. "Mbona..." Hakumaliza. Alianza kubandua unga kwenye vidole.

"Radhi yangu huipati," Bibi akamwambia Fundi. Akaanza kukusanya nguo zake, polepole ili zionekane. "Na huyo unayemkumbatia hapo, subiri akue. Utamziba mwenyewe. Mikono yako naijua, ni yangu."

Hilo ndilo lililompata. Fundi akaiangalia mikono yake.

Kinyozi akabeba begi. Alibeba yote mawili. Alipofika mlangoni aliongea bila kugeuka. "Namsindikiza mpaka stendi, siwezi kumwacha mtu mzima aende peke yake. Na Alhamisi nesi akiuliza, utamwambia nini? Ulimi?"

*

Basi akabaki yeye na Bosi, na Bosi alikuwa analia.

Alitaka kumbembeleza. Alijua neno lipo, kubembeleza, amelisikia kwa watu. Hakujua linafanywaje. Akajaribu wimbo, hakuwa na wimbo. Akajaribu "nyamaza", likagota kwenye meno, halikutoka. Ladha ya sabuni ikaja. Taya zikaanza kujifunga. Cherehani ilikuwa pale, hatua mbili, pedeli inamngoja.

Akakaa sakafuni ili asiifikie.

Akalitupa taulo. Akafungua blauzi yote, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mikono ilikuwa baridi. Akaiweka mgongoni mwa mtoto hivyo hivyo. Mtoto akakataa ziwa, akajikunja, akapiga kelele zaidi. Akamgeuzia la pili. Akakataa. Chupa ya Bibi ilikuwa mezani, safi, na mtoto alikuwa anaiangalia.

Mlango ukagongwa. Redio. Hakuingia.

"Fundi."

"Mm."

"Mnyamazishe mtoto basi, mwenzangu. Baada ya yaliyotokea leo... watu wataanza kusema. Majirani wana masikio."

Masikini, hakujua alilosema. Alisema kama kila mtu anavyosema.

Fundi akanyanyuka na mtoto kifuani, akaenda dirishani, akaondoa kitambaa cha mteja kilichotundikwa pale, na kufungua mabawa yote mawili ya dirisha. Kilio kikatoka uani, kikapanda ukuta, kikaingia vyumba vyote sita. Watu waliokuwa wanajifanya wanafua wakasimama.

"Lia," akamwambia mtoto. "Lia, mwanangu. Yale masikio ni ya kazi gani?"

Mwanangu. Miezi mitano, ilikuwa mara ya kwanza, na wala hakugundua kama amelisema.

Bosi alilia mpaka akachoka. Halafu, kwa hasira ya mtu aliyekosa mengine yote, akalidaka ziwa. Alikuwa na jino moja, limechomoza wiki ile, dogo kama ncha ya sindano. Akaligandamiza kwa nguvu zake zote.

Na Fundi akapiga kelele.

Hakukusudia. Ilitoka tu, ndefu, mbaya, haina adabu, ikapita juu ya ulimi wenye kovu bila kitu cha kuizuia. Ilitoka na ya wodini, na ya umri wa miaka tisa, na ya miaka sita kitambaa kilipoanza. Aliposhindwa kuifunga akaiacha. Mtoto alimwangalia kwa macho makubwa, hakuachia. Akaendelea kunyonya. Kama maziwa yalikuwa yanatoka, na kama yangetosha mpaka Alhamisi, hakuna aliyejua. Kadi ilikuwa ukutani, mstari wake umelala pale pale.

Uani Redio alikuwa amesimama chini ya dirisha, unga umemkaukia mikononi.

"Fundi! Nani huyo analia sasa? Mtoto au wewe?"

"Sote," Fundi akajibu.

Na hakufunga dirisha.